Mnyama wa Giza la Bahari na Mtoto Aliyekosa Usingizi



Ndugu wasomaji, wazazi wenzangu na wanafunzi wapendwa, leo naomba mnivumilie. Najua mmezoea kunisoma nikizungumzia malezi, adabu za chuoni na masomo ya dini. Leo nitawapeleka mbali kidogo, chini kabisa ya bahari, mahali ambapo mwanga wa jua haufiki. Huko anaishi mnyama mmoja ambaye picha yake imezunguka sana kwenye simu zetu, na inshaallah mkisoma hadi mwisho mtaona kwa nini mwalimu wa madrasa wa Buyenzi, mji ambao bahari iko mbali nao mamia ya kilomita, ameona ni lazima amwandike.

Mnyama mwenyewe ni huyu. Ana rangi ya kijivu inayoelekea zambarau. Mgongo wake una magamba magumu yaliyopangwa moja juu ya jingine kama deraya ya askari wa zamani. Ana miguu kumi na minne, jozi saba, na pembe mbili ndefu za kupapasia. Macho yake ni makubwa, ya pembetatu, yanang'aa ukimmulika. Urefu wake mara nyingi ni kati ya sentimita 20 na 36, na wengine hufika hata sentimita 50, yaani karibu mkono wa mtu mzima kutoka kiwiko hadi ncha za vidole. Ukimwona mara ya kwanza bila kuambiwa chochote, moyo unashtuka. Mimi mwenyewe nilishtuka.

Picha yake ilianza kupata umaarufu mkubwa mwaka 2010, pale mmoja alipopandishwa juu katika Ghuba ya Meksiko akiwa ameng'ang'ania roboti ya kukagua chini ya bahari, kutoka kina cha zaidi ya mita 2,500. Tangu hapo picha hiyo na nyingine za namna hiyo hazijapumzika. Kila baada ya muda zinarudi na maneno mapya. Mara ni jini wa baharini, mara ni dalili ya Kiyama, mara ni mnyama aliyetengenezwa na wazungu maabara. Na chini yake huwa pameandikwa: tuma kwa watu kumi, usipotuma utaona.

Jinsi habari hii ilivyoingia chuoni kwetu

Kwetu ilikuja na nyongeza. Video ilisema mnyama huyu ameonekana Ziwa Tanganyika, na kwamba usiku hupanda na kung'ang'ania mitumbwi ya wavuvi hadi izame. Sauti iliyosimulia ilikuwa ya mtu anayejua kuongea, Kiswahili kizuri, na nyuma yake pakiwa na kilio cha upepo.

Nina mwanafunzi mmoja, mtoto wa miaka tisa, ambaye baba yake ni mvuvi wa ndagala. Wanaolijua ziwa wanafahamu kwamba ndagala huvuliwa usiku, hasa usiku wa giza usio na mwezi, kwa taa za kuwavuta samaki juu. Basi mtoto huyu akaanza kusinzia darasani. Yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kunyoosha mkono, sasa anainamisha kichwa juu ya juzuu. Baada ya wiki moja mama yake alikuja kuniona baada ya Alasiri. Akaniambia, "Ustadhi, huyu mtoto halali. Kila baba yake akitoka na taa yake, analia na kumshika kanzu. Akishaondoka anakaa dirishani mpaka alfajiri."

Nilipomwita mtoto na kumuuliza, alinijibu kwa sauti ndogo, "Ustadhi, yule mdudu wa miguu kumi na minne atamchukua baba."

Jambo lililonisumbua zaidi si video ile. Uongo haujaanza leo. Lililonisumbua ni kwamba mzazi mmoja, mtu ninayemheshimu, aliposikia habari hii alisema, "Ustadhi, waache waogope. Mtoto akiogopa anakuja chuoni bila kupigiwa kelele." Na kweli wiki ile mahudhurio yalikuwa mazuri. Watoto walikaa kimya, walisoma dua kwa unyenyekevu ambao mwalimu yeyote angeutamani. Lakini mimi niliwatazama nikajua kwamba utulivu ule hautoki kwa Mola wao. Unatoka kwa kidudu cha baharini. Siku watakapogundua kwamba kidudu hicho hakina lolote, je, watabaki na dini gani mkononi?

Kwa hiyo niliamua kumjua mnyama huyu vizuri. Sisi ni umma tulioamrishwa kuthibitisha habari kabla ya kuichukua, na amri hiyo imo katika Suratul Hujurat ambayo watoto wetu wanaihifadhi. Nilisoma jioni kadhaa, nikamshirikisha mwalimu mmoja wa sayansi wa shule ya jirani. Haya ndiyo niliyowafundisha watoto, nami nawaletea.

Ni nani hasa mnyama huyu?

Kwanza, si jini wala si mdudu wa maabara. Ni wa jamii moja na kamba, kamba-koche na kaa. Wataalamu humweka katika kundi la isopodi, neno la Kigiriki lenye maana ya miguu inayolingana. Na isopodi tunao hapa hapa nyumbani. Inua jiwe au chungu cha maua mahali penye unyevu, utakuta kidudu kidogo cha kijivu chenye magamba mgongoni. Kuna aina ambayo ukiigusa hujikunja ikawa kama punje ya pilipili manga. Watoto huchezea vidudu hivi kila siku. Yule wa baharini ni ndugu wa hawa, isipokuwa Mola amemjaalia mwili mkubwa.

Jina lake la kitaalamu ni Bathynomus giganteus. Alielezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1879 na Mfaransa Alphonse Milne-Edwards, kutokana na mnyama dume ambaye bado hajakomaa, aliyevuliwa katika Ghuba ya Meksiko mwaka mmoja kabla na kikosi cha mtaalamu wa Marekani Alexander Agassiz. Jike halikupatikana mpaka mwaka 1891.

Habari hiyo ilikuwa kubwa kuliko tunavyodhani leo. Mwaka 1843 mtaalamu wa Uingereza Edward Forbes alikuwa ametoa rai kwamba chini ya mita 550 hivi bahari haina uhai. Ilionekana rai ya busara: kuna giza, baridi na uzito wa maji usiovumilika, nani ataishi huko? Watu wengi waliikubali. Kisha meli ya Uingereza iitwayo Challenger ilizunguka bahari za dunia kati ya 1872 na 1876, ikitupa nyavu kwenye vilindi, na kila zilipopandishwa zilikuja na viumbe. Naye isopodi huyu mkubwa alipotokea, akawa shahidi mwingine. Wanafunzi wangu wakubwa niliwaambia waandike jambo hili kwenye madaftari yao: mtu msomi alisema hakuna kitu kwa sababu yeye hajakiona, na kumbe kilikuwepo muda wote.

Leo zinajulikana aina takribani 20 za jamii hii, katika bahari ya Atlantiki, Pasifiki na Bahari Hindi. Mwaka 2018 wataalamu wa Singapore na Indonesia walifanya utafiti katika maji ya kusini mwa Java, na mwaka 2020 wakatangaza aina mpya, Bathynomus raksasa. Neno hilo la Kiindonesia maana yake ni jitu. Mwezi Januari 2025 ikatangazwa aina nyingine kutoka Vietnam, Bathynomus vaderi, iliyopewa jina la mhusika wa filamu za Marekani, Darth Vader, kwa sababu kichwa chake kinafanana na kofia ya chuma ya mhusika huyo. Huyu wa Vietnam hufika sentimita 32 na uzito wa zaidi ya kilo moja.

Anakula nini huko gizani?

Swali hili watoto waliliuliza wote kwa pamoja, na naona ndilo lililokuwa nyuma ya hofu yao. Je, anakula watu?

Jibu ni kwamba kazi yake kubwa ni kula mizoga. Chini ya bahari hakuna mimea, kwa kuwa hakuna jua. Karibu chakula chote cha huko hushuka kutoka juu: chembechembe zinazodondoka kama vumbi, samaki waliokufa, na mara chache sana mzoga mkubwa wa nyangumi. Isopodi hutambaa polepole kwenye matope akitafuta. Hupata pia wanyama wadogo wasio na mbio. Akibahatika kupata mzoga hula mpaka anashindwa kutembea vizuri, maana hajui chakula kingine kitashuka lini.

Mwaka 2019 watafiti wa Louisiana, Marekani, walifanya jaribio la ajabu. Walichukua aligeta watatu waliokufa, jamii ya mamba wa kwao, wakawafunga uzito na kuwashusha kwenye kina cha kama mita 2,000 katika Ghuba ya Meksiko. Walitaka kujua kama viumbe wa chini watakitambua chakula ambacho hawajakizoea, tena chenye ngozi ngumu vile. Haikupita siku moja, isopodi hawa walikuwa wamefika, wametoboa ngozi ya mzoga mmoja na kuingia ndani kula. Watoto waliposikia habari hiyo walicheka, na kile kilikuwa kicheko cha kwanza katika wiki mbili.

Nikawakumbusha kisa ambacho wengi wanakijua kutoka kwenye masomo ya sira. Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alituma kikosi cha watu mia tatu chini ya Abu Ubayda bin al-Jarrah kuelekea pwani. Chakula kikawaishia. Wakafika mahali mtu anapewa tende moja kwa siku, kisha hata hiyo ikaisha, wakala majani ya miti. Ndipo wakakuta ufukweni mnyama mkubwa wa bahari aitwaye ambari, ameshakufa, mkubwa kama kilima. Wakala siku nyingi hadi miili yao ikarudi. Waliporejea Madina wakamuuliza Mtume, akawaambia ni riziki waliyotolewa na Mwenyezi Mungu, na yeye mwenyewe akala iliyobaki. Nikawaambia watoto: mzoga wa jitu la bahari uliwaokoa masahaba juu ya mchanga, na kila siku mizoga kama hiyo inawaokoa viumbe tusiowaona chini ya maji. Wale waliokula ambari hawakuwa majini, na huyu naye si jini. Ana njaa, akapewa.

Aliyekaa miaka mitano bila kula

Kuna habari moja zaidi ambayo ilifanya darasa zima lisimame. Katika jumba la kuonyeshea viumbe wa majini la Toba, nchini Japani, alikuwepo isopodi mmoja aliyeletwa kutoka Ghuba ya Meksiko mwaka 2007. Walimwita Namba 1. Tarehe 2 Januari 2009 alikula samaki mmoja wa gramu kama 50. Kuanzia siku hiyo akakataa chakula. Wahudumu walimwekea samaki mara kwa mara, akawa anamsogelea, anamgusa kwa uso na kumwacha. Mwezi ukapita, mwaka ukapita, miaka mitano ikapita. Alikufa tarehe 14 Februari 2014, baada ya siku 1,869. Alipopasuliwa hakukutwa amekonda.

Mwanafunzi mmoja aliruka akasema, "Ustadhi, amefunga Ramadhani tano mfululizo!" Tukacheka sote. Lakini swali lilikuwa zuri na nililijibu kwa uzito wake. Huyu hakufunga, kwa sababu saumu ni nia kabla ya kuwa njaa. Mwili wake umeumbwa kutumia nguvu kidogo mno, kwenye maji ya baridi ya nyuzi kama nne, ili aweze kusubiri mzoga unaofuata. Sisi tunayo futari inatungoja kila jua linapozama, na bado kuna anayelalamika saa kumi jioni kwamba sambusa zimechelewa.

Nilifurahishwa pia kujua kwamba Wajapani wanampenda sana mnyama huyu. Wanamtengenezea wanasesere wa kitambaa, na watoto wao hulala nao kitandani. Mnyama mmoja: kule mtoto anamkumbatia apate usingizi, huku kwetu mtoto anamkosea usingizi. Tofauti yao ni maneno waliyoambiwa.

Mbona hayumo ziwani kwetu?

Yule mtoto wa mvuvi alikuwa amesikiliza yote hayo bila kucheka sana. Mwishoni akanyoosha mkono, kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi. "Ustadhi, ziwa letu nalo ni refu kwenda chini. Umejuaje kwamba hayumo?"

Ndugu zangu, hilo ni swali la mtu mwenye akili. Halikutaka "nyamaza" wala "usiwe na shaka." Ziwa Tanganyika lina kina cha mita 1,470. Ni la pili duniani kwa kina baada ya Baikal ya Urusi. Kama kina peke yake kingetosha, basi isopodi angeweza kuwepo.

Lakini kiumbe huyu anavuta hewa iliyoyeyuka majini, na hapo ndipo bahari na ziwa letu zinapoachana. Baharini, karibu na ncha za dunia, maji hupoa sana, yakawa mazito, yakazama yakiwa na hewa ya oksijeni ndani yake. Kisha husafiri polepole chini kwa chini, na kwa njia hiyo hata vilindi vya maelfu ya mita hupata hewa. Ziwa letu liko kwenye joto mwaka mzima. Maji ya juu hayapoi kiasi cha kuzama mpaka chini, kwa hiyo tabaka la juu na la chini hayachanganyiki. Huku kaskazini hewa hufika kiasi cha mita 100 tu, kusini huenda zaidi, kama mita 200. Chini ya hapo hakuna oksijeni. Samaki hawezi kuishi, kaa hawezi, na isopodi hawezi. Kuna vijidudu visivyoonekana kwa macho tu. Kwa hiyo nilimwambia mtoto: katika ziwa la baba yako, ule ukubwa wote wa chini umejaa maji matupu. Hakuna wa kupanda kutoka huko, kwa sababu hakuna anayeweza kuishi huko.

Ziwa Baikal lenyewe ni ushahidi mzuri. Liko kwenye baridi, maji yake huchanganyika na hewa hufika hadi chini, mita zaidi ya 1,600. Na humo wamo viumbe wa jamii ya kamba wadogo ambao wamekua kuliko ndugu zao wa kwingine. Mwaka 1999 watafiti wawili, Gauthier Chapelle na Lloyd Peck, walilinganisha viumbe wa kundi hilo kutoka sehemu mbalimbali za dunia, wakaonyesha kwamba ukubwa wao unakwenda pamoja na wingi wa oksijeni katika maji. Maji ya baridi hubeba oksijeni nyingi zaidi, na mwili mkubwa hupata pumzi ya kuutosha. Wapo wanaotaja sababu nyingine pia, kama ile ya mwili mkubwa kuweza kuweka akiba ya chakula kwa muda mrefu, jambo ambalo Namba 1 wa Toba analiunga mkono.

Nilichora yote haya ubaoni: bahari upande mmoja, ziwa upande mwingine, na mstari wa chaki mahali hewa inapokomea. Mtoto aliutazama mstari ule kwa muda. Kisha akauliza jambo ambalo sikulitarajia: "Sasa wavuvi wanaokufa ziwani wanakufa na nini?"

Sikumficha. Ningemwambia ziwa halina hatari, ningekuwa nimebadilisha uongo mmoja kwa mwingine. Nikamwambia wanakufa kwa upepo. Upepo wa ghafla wa usiku unaoinua mawimbi, mtumbwi uliojaa kupita kiasi, na mtu kutovaa jaketi la kuokolea. Karibu na kingo na midomo ya mito kuna mamba na viboko, hao ni wa kweli na kila mvuvi anawajua. Jini wa video hana mtumbwi hata mmoja aliouzamisha.

Baada ya siku chache mama yake alinipigia simu. Akasema mtoto bado anaamka usiku, ila sasa baba akijiandaa kutoka haliii tena. Anamuuliza, "Baba, umeangalia upepo? Jaketi liko wapi?" Baba hakuwa na jaketi. Walikuwa wakichanga fedha walinunue. Mtoto huyu hofu haijamtoka yote, wala sidhani inapaswa kumtoka yote wakati baba yake yuko majini usiku. Lakini sasa anaogopa kitu kilichopo, na kitu kilichopo mtu anaweza kujiandaa nacho.

Je, analiwa?

Najua kuna wasomaji ambao tangu mwanzo wanalo swali hili, kwa hiyo nisiwaache bila jibu. Kule Vietnam wavuvi humuuza mnyama huyu kwa bei nzuri, na wanaomla husema nyama yake inafanana na ya kamba. Huko Taipei, mgahawa mmoja uliuza mwaka 2023 bakuli la tambi likiwa na isopodi mzima juu yake.

Katika fikihi, wafuasi wa Imam Abu Hanifa huruhusu samaki tu katika viumbe vya majini. Wafuasi wa Imam Malik wamepanua zaidi. Sisi wengi wa Afrika Mashariki tunafuata madhehebu ya Imam Shafii, na humo asili ya mnyama asiyeishi ila majini ni uhalali, wakati anayeishi nchi kavu na majini pamoja, kama chura na mamba, haliwi. Isopodi huyu haishi ila baharini. Atakayesafiri kwenda huko na kuwekewa mezani amuulize mwanachuoni wake kwa undani. Mimi, ndugu zangu, mukeke wa kukaanga unanitosha.

Neno kwa wazazi

Nimeandika haya kwa sababu simu zimeingia katika kila nyumba, na mtoto wa miaka tisa anaona video kabla baba na mama hawajaiona. Naomba mambo matatu.

La kwanza, mtoto akija na picha ya kutisha, msimcheke wala msimfokee. Mkae naye na mwulize, hii imetoka wapi, nani kaisema, imepigwa wapi? Kama hamjui, mwambieni twende tukaulize. Kuna walimu wa sayansi katika mitaa yetu ambao hawajawahi kugongewa mlango hata siku moja.

La pili, habari msiyoithibitisha msiitume. Hakuna thawabu katika kutuma kwa watu kumi. Kuna mtoto mwishoni mwa mnyororo ule, amekaa dirishani anamngoja baba yake.

La tatu, na hili nawaambia walimu wenzangu wa madrasa. Hofu ni fimbo nyepesi, kila mtu anaweza kuiokota. Mtoto anayehudhuria kwa kuogopa mdudu ataacha kuhudhuria siku atakapomjua mdudu. Tuwafundishe viumbe vya Mwenyezi Mungu kama vilivyo. Huyu ana deraya mgongoni, hujivua gamba lake kwa awamu mbili, nusu ya nyuma kwanza kisha nusu ya mbele. Jike hubeba mayai katika mfuko chini ya tumbo, na watoto hutoka wakiwa wameshafanana na wazazi wao, isipokuwa jozi moja ya miguu bado haijaota. Riziki yake inamfikia kwenye giza ambalo hakuna taa ya mvuvi iliyowahi kufika. Mwalimu aliye na haya mkononi anatafuta nini katika uongo?

Wiki iliyopita tulianza kutenga nusu saa kila Alhamisi, baada ya somo la tajwidi, kwa ajili ya kiumbe mmoja. Watoto wenyewe ndio wanaochagua. Alhamisi ijayo ni zamu ya mukeke, na baba mmoja mvuvi ameahidi kuja kutusimulia.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.